Puta imetoka mabaka: isome kasoro kabla hujashika tena msasa

Puta, ile fimbo ya gofu ya kubingirishia mpira hadi shimoni, imewahi kunipeleka puta, na iliyonitesa kuliko zote ilikuwa yangu mwenyewe. Ilikuwa nyeusi, ya chuma cha kaboni, na ilikuwa imelala kwenye buti la gari masika nzima huku Mombasa. Nilipoitoa, kitako chake kilikuwa na kutu kama jembe lililosahaulika shambani. Jioni moja nikaipiga msasa, nikaipaka ile dawa ya kugeuza chuma kiwe cheusi, nikalala nikiwa na raha zangu. Asubuhi ilikuwa na mabaka kama chui. Nikarudia. Mabaka yakahama tu, hayakuondoka. Mara ya nne ndipo nilipoacha kuilaani dawa nikayatazama mabaka yenyewe, nikaona yana umbo la vidole vyangu.

Tangu hapo watu huniletea zao, wengi wakiwa wameshazivuruga, na maneno ni yale yale: "Fundi, dawa hii mbovu." Ni nadra dawa kuwa mbovu. Kasoro nyingi za puta iliyofanyiwa kazi nyumbani hutokea kabla chupa haijafunguliwa: kwenye mafuta, kwenye msasa, kwenye maji ya kusuuzia, au pale mtu alipodhani chuma fulani ni kingine. Kwa hiyo hapa sipangi hatua za kazi toka mwanzo hadi mwisho. Naanza na unachokiona, kisha tunarudi nyuma kutafuta kilichokileta.

KABLA YA YOTE: KICHWA HIKI NI CHA NINI?

Ukikosea hapa hakuna dawa itakayokuokoa. Tafuta sumaku. Ikikamata kwa nguvu, una chuma cha kaboni au stenlesi ya aina ya 17-4. Ikigusa kwa unyonge au isipokamata kabisa, una stenlesi ya 303 au 304, au shaba, au alumini, au zinki. Puta nyingi za bei kubwa zilizochongwa kwa mashine kutoka kipande kimoja ni 303 au chuma cha kaboni, na kwa macho zinafanana. Ndiyo maana watu hupotea.

Kutenganisha chuma cha kaboni na stenlesi inayoshika sumaku, natumia mrututu. Ndiyo, mrututu ule ule wa maduka ya dawa za kilimo. Chagua mahali pasipoonekana, futa kwa asetoni, kwaruza kidogo kwa msasa, kisha weka tone moja la mrututu ulioyeyushwa kwenye maji. Chuma cha kaboni kitageuka rangi ya shaba nyekundu ndani ya sekunde chache. Stenlesi itabaki ilivyo. Zinki itageuka nyeusi ya masizi. Futa, piga msasa pale ulipopima, nawa mikono, na uufiche mrututu mbali na watoto, maana ni sumu.

Kama kuna mkwaruzo mzito, uchungulie. Rangi ya ndani ikiwa tofauti na ya juu, kichwa kimepakwa madini mengine. Kromu ina mng'ao wa kioo unaoelekea ubuluu. Nikeli ni ya joto zaidi, inaelekea unjano. Vichwa vya seti za bei nafuu mara nyingi ni zinki iliyopakwa kromu, na hivyo nasema waziwazi: usivipige msasa. Chini ya kromu utakuta metali laini ya kijivu isiyokubali dawa nyeusi wala rangi ya moto, ile ambayo chuma hupata kikipashwa. Zinki safi huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, na aloi zake huanza kulegea kabla ya hapo. Tochi ya gesi inafika huko bila kukuaga. Puta ya namna hiyo ipake rangi ya kopo, au iache.

Onyo moja ambalo silifanyii mzaha. Shaba yenye berili iliwahi kutumika kutengeneza fimbo za gofu, na zile Ping Eye 2 za rangi ya shaba ni mfano unaojulikana. Vumbi la berili likiingia mapafuni huleta ugonjwa usiopona. Kichwa cha zamani chenye wekundu wa shaba ambacho huna hakika nacho, kisafishe kwa sabuni na kitambaa tu. Hakuna msasa, hakuna tupa, hakuna mashine.

Tazama na uso, pale panapogonga mpira. Ukiwa na kipande cha plastiki au mpira kilichopachikwa, kama zile za Odyssey zenye uso mweupe, asetoni na joto ni adui zako wote wawili. Kipande kile hulainika, huvimba, au gundi yake huachia.

RANGI NYEUSI IMETOKA MABAKA

Hili ndilo linaloleta watu wengi zaidi, na nitakaa nalo.

Dawa baridi ya kugeuza chuma cheusi, ile wanayotumia mafundi wa bunduki, huwa na chumvi za shaba na za seleniamu zinazoshambulia uso wa chuma na kuacha utando mwembamba mweusi. Mahali palipo na mafuta hata ya kidole kimoja, dawa haifiki. Kwa hiyo mabaka ni ramani ya mafuta. Yasome. Yakiwa ya mviringo mdogo mdogo, ni vidole. Yakiwa michirizi mirefu, umefuta kwa kitambaa chenye mafuta, na mara nyingi ni kitambaa kilichofuliwa kwa sabuni yenye marashi ya kulainisha nguo. Yakikusanyika kuzunguka herufi na vidoti, mafuta yalikuwa yamejificha humo ndani na yakatoka chuma kilipopata moto. Yakianzia shingoni kuteremka, yametoka kwenye tundu la mpini.

Kuna kipimo kisichogharimu kitu. Baada ya kusafisha, mimina maji juu ya kichwa. Maji yakitandaa kama shuka bila kukatika, chuma ni safi. Yakijikusanya matone kama juu ya jani la mgomba, bado kuna mafuta, usifungue chupa. Mimi husugua kwanza kwa sabuni ya kuoshea vyombo na mswaki wa zamani, nasuuza, nakausha, kisha asetoni mara mbili, kila mara kwa kitambaa kipya. Mtu akishika kitambaa kile kile mara ya pili, anachofanya ni kuyahamisha mafuta kutoka kitako kwenda usoni. Glavu huvaliwa kabla ya asetoni, si baada yake. Na glavu zenye unga ndani zina vituko vyake. Osha nje yake kwanza.

Sababu ya pili ya mabaka ni ubaridi. Dawa inafanya kazi vizuri zaidi kwenye chuma chenye joto kidogo. Zamisha kichwa kwenye maji ya moto dakika chache, kitoe, kikaushe haraka, kisha upake kikiwa bado hakishikiki kwa raha. Paka mfululizo kwa kitambaa kilicholowa vizuri, uso wote kwa mpigo mmoja, usianze kona ukaenda kupokea simu. Acha nusu dakika hadi dakika moja, suuza, sugua taratibu kwa pamba ya chuma ya namba 0000, rudia. Mizunguko mitatu mpaka mitano ni ya kawaida. Mzunguko wa kwanza karibu kila mara ni mbaya kuutazama. Anayekata tamaa hapo ndiye anayerudi mwanzo bure.

Pamba ya chuma ya dukani hutoka kiwandani imepakwa mafuta isishike kutu. Iloweke kwenye asetoni na uikaushe kabla ya kuitumia. Hilo peke yake limewahi kunigharimu wikiendi mbili.

Na kama mabaka yameshatokea, huna haja ya kurudi kwenye msasa mzito. Kipake siki nyeupe, subiri, utando wote utatoka. Kisha anza upya na kipimo cha maji. Kama herufi zina rangi, izuie siki isikae juu yake muda mrefu.

IMETOKA KIJIVU, AU HAIKUSHIKA KABISA

Rudi kwenye sumaku na mrututu. Nafasi kubwa ni kwamba una stenlesi, na dawa ya chuma cha kaboni haiiwezi. Kwa stenlesi weusi wa kudumu ni kazi ya kiwanda; kuna upakaji unaofanyika ndani ya tanuru lisilo na hewa, unaitwa PVD, na huo haufanyiki barazani. Nyumbani stenlesi inapendeza zaidi ikiachwa rangi yake, yenye mistari ya msasa iliyonyooka upande mmoja.

Kama ni chuma cha kaboni kweli, tafuta mabaki ya upakaji wa zamani. Hapa siki hukusaidia kupima: weusi wa kiwandani ukitoka kwa siki ndani ya nusu saa hivi, ulikuwa oksidi nyeusi na kazi yako ni rahisi. Usipotikisika, una PVD au nikeli nyeusi, na chini yake dawa haitafika hadi uondoe kila chembe kwa msasa.

Jingine ni kung'arisha kupita kiasi. Chuma kilichofikishwa msasa wa namba 2000 (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi) na kusuguliwa hadi ukajiona humo, kinashika dawa kwa shida na kinatoa ubuluu hafifu. Ukitaka weusi mzito, ishia namba 400 au 600. Ukitaka kioo, usitafute weusi. Na usichovye kitambaa kilichokwisha tumika ndani ya chupa. Mimina kidogo kwenye kifuniko, kinachobaki kitupe. Hiyo ndiyo namna pekee ninayoijua ya dawa kuwa mbovu kweli.

WEUSI UNATOKA KWENYE KIDOLE

Umepaka nene ukitaraji kumaliza kwa mzunguko mmoja. Kinachotoka ni masizi yaliyokaa juu, si utando uliong'ang'ania chuma. Pitisha pamba ya chuma mpaka kidole kisichafuke, hata kama utaona umerudi nyuma, kisha paka nyembamba. Mwisho paka mafuta na uache usiku mzima kabla hujaigusa tena.

Hata ikifanyika vizuri, weusi wa nyumbani si wa milele. Mahali mpira unapogongea patapauka. Wapo wanaoupenda mpauko huo, nami ni mmoja wao.

SIKU MBILI BAADAYE IMEPATA UKAHAWIA

Hapa ndipo pwani inapotutofautisha na wenzetu wa Nairobi. Kusi au kaskazi, upepo wetu una chumvi, na puta inayokaa karibu na dirisha Nyali au inayochezwa pale uwanja wa Mombasa kando ya bahari inapata kutu kwa kasi ambayo mwongozo ulioandikwa kwa nchi kavu hauwezi kuijua. Lakini usiusingizie upepo mapema. Kwanza jiulize: umesuuza kwa maji gani?

Maji ya visima vingi vya Mombasa yana chumvi, ulimi unaijua. Ukisuuzia puta iliyotoka kwenye dawa, unaacha chumvi juu ya chuma kilicho wazi. Nilihangaika na ukahawia huu muda mrefu mpaka siku moja maji ya bomba yalipopotea, nikatumia ya mvua niliyokuwa nimekinga. Puta ile haikupata kutu. Sasa nasuuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua, au maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta. Soma chupa mara mbili: maji ya betri na asidi ya betri hukaa rafu moja, na siyo ndugu.

Sababu nyingine ni asidi iliyobaki. Siki na dawa zote zina uchachu, na uchachu uliojificha kwenye herufi na tundu la skrubu huendelea kula chuma baada ya wewe kwenda kulala. Yeyusha kijiko cha magadi, yale ya kupikia maharage, kwenye nusu lita ya maji, zamisha kichwa dakika kumi, sugua herufi kwa mswaki, ndipo usuuze. Kausha kwa hewa ya moto ya mashine ya nywele hadi kwenye tundu la mpini kusiwe na unyevu. Kisha mafuta ya cherehani, mengi, usiku mmoja.

Ukishaona ukahawia mwepesi, usikimbilie msasa. Pamba ya chuma ya 0000 yenye mafuta huutoa na kuacha weusi. Na mfuko wa puta, ule wa manyoya ndani, usiuvishe puta yenye umande wa asubuhi. Hutunza maji kama sifongo.

STENLESI, NAYO INAOTA VIDOTI VYA KUTU

Mzee mmoja jirani yangu alikuja na 303 yake, kakasirika, akidhani aliuziwa bandia. "Mwanangu, hii si stenlesi. Stenlesi gani inashika kutu?" Nikamuuliza alisafisha kwa nini. Alisugua kwa pamba ya chuma ya jikoni. Vijisehemu vya chuma cha kawaida vilijikita usoni na ndivyo vilivyokuwa vinashika kutu. Stenlesi yenyewe ilikuwa salama. Ni hivyo hivyo ukitumia msasa uliokwisha sugua chuma cha kaboni. Zamisha kwenye siki au maji ya ndimu saa kadhaa, sugua kwa pedi ya nailoni mpya, suuza, kausha. Tenga msasa wa stenlesi uwe wake peke yake.

Jiki ni kosa tofauti na baya zaidi. Klorini yake huchimba vishimo kwenye stenlesi, na ikikutana na siki inatoa hewa ya sumu. Isikaribie kazi hii.

MIKWARUZO IMEJITOKEZA BAADA YA KUNG'ARISHA

Haikujitokeza, ilikuwapo. Ulikuwa huioni kwa sababu uso wote ulikuwa na ukungu mmoja. Mkwaruzo wa namba 220 hautolewi na namba 800. Namba 800 huuzungushia mng'ao tu ukaonekana vizuri zaidi. Panda ngazi moja moja: 220, 320, 400, 600, 800, 1000, na kila ukipanda geuza upande wa kusugua, mara hii urefu wa kichwa, mara nyingine upana wake. Usipande mpaka mistari ya upande uliopita iishe yote. Tazama chini ya taa ya pembeni, taa ya dari hudanganya.

Mkwaruzo mmoja mrefu na mzito katikati ya uso uliokwisha kuwa safi una sababu nyingine: punje ya namba ya chini imebaki kwenye meza, kwenye maji, au chini ya kucha yako. Tumia msasa wa maji, na badilisha maji kila unapopanda namba.

KINGO ZIMEVIRINGIKA, MISTARI IMELIWA

Umesugua kwa vidole. Kidole ni laini, kinazama kwenye bapa na kuikumbatia kona. Fungia msasa kwenye kibao kigumu. Kwa uso na kitako, bandika msasa juu ya kipande cha kioo kinene na usogeze puta juu yake, si msasa juu ya puta. Ukingo uliokwisha kuviringika haurudishwi ila kwa kushusha bapa zima hadi kufikia pale, na hapo gharama ni kubwa kuliko faida.

Uso nauogopa zaidi. Zile alama za mashine usoni zikiliwa hazirudi nyumbani. Tena uso una mlalo, yaani umeinama nyuma kidogo, na wa kawaida ni nyuzi 3 au 4. Kimo chake ni kama milimita 25, kwa hiyo ukila nusu milimita zaidi upande wa juu kuliko wa chini, umeongeza nyuzi moja na kitu, na mpira utaanza kuruka pale ulipokuwa ukibingirika. Sheria za gofu zinakuruhusu kuifanyia kazi puta yako mradi ibaki ndani ya vipimo vyake na usiibadilishe kwa makusudi katikati ya duru, lakini hazikulindi na mkono wako. Pima kichwa kwenye mizani ya jikoni kabla na baada. Gramu chache si neno.

VISHIMO VYA KUTU HAVIISHI

Siki hutoa kutu iliyo ndani ya kishimo, kishimo kinabaki. Kizamishe kichwa saa chache, sugua kwa mswaki, tazama kina kwa ukucha. Ukucha usiponasa, msasa utakitoa. Ukinasa kwenye kitako, kiache, kipe mafuta. Ukinasa usoni, kiache zaidi.

RANGI YA MOTO HAIKULINGANA

Chuma cha kaboni kikipashwa moto hubadilika kwa mpangilio usiobadilika: njano ya nyasi kavu kwenye nyuzi 220 hadi 230 hivi, kahawia kwenye 260, zambarau kwenye 280, buluu karibu na 300, kisha kijivu kisichopendwa na mtu. Stenlesi hupita njia hiyo hiyo kwa joto la juu zaidi. Buluu yake iko mbali, nyuzi 540 na kuendelea.

Njano upande mmoja na buluu upande wa pili maana yake umeelekeza tochi kwenye kona nyembamba. Kona hupata moto haraka kuliko kitako kinene. Anza na kitako na shingo, acha joto litembee lenyewe kuelekea kwenye ncha, na uondoe moto rangi ikiwa bado hatua moja nyuma ya unayoitaka, kwa sababu joto lililo ndani litaisukuma mbele. Ukipitiliza huwezi kurudi. Piga msasa uanze tena. Doa lisilobadilika rangi katikati ya buluu, hilo tunalijua: ni kidole.

Anayetaka kahawia tulivu kote, aachane na tochi. Oveni ya jikoni inayofika nyuzi 250 hupasha kichwa chote sawa, na muda ukiwa mrefu kwenye joto lile lile rangi huzidi kukolea, kwa hiyo chungulia kila baada ya dakika chache. Mpini uwe umetoka, rangi ya herufi imetoka, uzito wa risasi au plastiki umetoka. Na mwambie mwenye jiko kabla.

RANGI YA HERUFI INABANDUKA

Mafuta tena. Ulipaka rangi baada ya kupaka mafuta, bila kuzisafisha herufi. Chonga kijiti cha meno, kifungie uzi wa pamba wenye asetoni, pitisha ndani ya kila herufi, ndipo upake. Rangi ya kucha inafaa sana na inapatikana kila duka, ya mafuta hudumu zaidi. Jaza hadi imwagike kidogo, acha siku nzima. Ukifuta mapema, kitambaa huichota toka ndani na kuacha shimo katikati ya herufi. Kitambaa kifungwe juu ya kadi ngumu, kiwe na asetoni kidogo tu, kipite bapa bila kugandamiza. Asetoni haidhuru weusi wa dawa, inauondolea mafuta tu; rudisha mafuta baadaye.

IMEPENDEZA, LAKINI HAIPIGI KAMA ZAMANI

Ulitoa mpini ukaurudisha kwa jicho. Puta nyingi zina mpini uliopinda mara mbili karibu na kichwa, na kuuzungusha kidogo tu kunahamisha uelekeo wa uso na namna kitako kinavyokaa ardhini. Kabla ya kuutoa, bandika tepu ya karatasi kwenye mpini na kwenye shingo, chora mstari mmoja unaokata zote mbili, piga picha toka juu. Gundi ya epoksi hulegea kwa hewa ya moto pole pole; usizungushe kwa nguvu, na mpini wa grafaiti usiupe tochi hata kwa dakika moja. Ukishaurudisha, epoksi ipewe saa 24 kabla ya mpira wa kwanza.

Ukisikia kitu kinachezacheza ndani ukiitikisa, ni kipande cha epoksi ya zamani kilichoanguka ndani ya mpini. Kama mshiko bado haujarudishwa, igeuze juu chini uigonge kwa kiganja mpaka kitoke. Kama umesharudishwa, kazi itakuwa kuutoa tena.